Saksafoni ya Lindi iliyoitwa Selmer: kisa kizima toka picha ya kwanza mpaka pedi

Picha ziliingia wasap jumanne usiku, nne mfululizo, alafu sauti. Dogo mmoja wa hapa Mtwara, anapiga ibadani na kwenye maharusi, ananiambia kaka angalia hii kitu, chapa ya Selmer ya Ufaransa, saksafoni ya tenor, iko Lindi kwa mama mmoja mjane, wanataka milioni sita, mi ninazo mbili na mjomba kaahidi kuniongezea korosho zikilipwa, nitume kianzio sasa ivi maana kuna mtu mwingine anaifukuzia? Nkamwambia usitume hata mia, lala, kesho tuongee.

Naandika hii kesi yote kwa kirefu kwasababu huku kwetu kusini vyombo vya bendi za zamani bado vipo vingi tu, viko chini ya vitanda na juu ya dari, wazee waliovipiga wanaondoka mmoja mmoja, na watoto wakivitoa vinaenda njia mbili: ama kwa mnunuzi wa chakavu anapima kilo, ama vinapewa jina kubwa ambalo sio lao na mtu anauziwa jina. Njia zote mbili kuna mtu anaumia na mi zote zinaniuma. Hii saksafoni ilikuwa inaenda kupita njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa zile picha. Ya kwanza chombo kizima kimelazwa kwenye mkeka, ya pili domo, ule mwisho mpana sauti inapotokea, kwa karibu, ya tatu boksi lake, ya nne kijana wa yule mama ameishika kama anapiga. Kwenye domo palikuwa panang'aa sana kuliko sehemu nyingine, na kwenye mng'ao kulikuwa na maandishi yamefifia, unaona S, alafu doa, alafu M, alafu kitu kama L, chini yake Paris. Kijana wa pale kasoma S, M, L na Paris, akaingia mtandaoni akatafuta saksafoni ya Paris inayoanza na S, ikaja Selmer, akaona bei zake, basi ikawa Selmer, hizo herufi nyingine akasema zimefutika na uzee.

We andika Selmer kwenye karatasi. S, E, L, M, E, R. L inakuja kabla ya M. Futa herufi unazotaka, ukibakiza S na M na L zitabaki S, L, M, haziwezi kujipanga S, M, L. Hiyo niliiona usiku ule ule na usingizi ukakata, maana S.M.L. sio herufi zilizofutika, ni jina kamili: Strasser, Marigaux, Lemaire. Jina la watu watatu walioungana Paris miaka ya 1930, Marigaux mpaka leo jina lake ni kubwa kwa wapiga obo, ala nyingine ya kupuliza, na saksafoni zao walizitengeneza mpaka miaka ya 80 mwanzoni. Sio Selmer, lakini sio takataka pia, na hapo ndo ugumu wa kesi ulipo, kwasababu ingekuwa takataka ningemwambia dogo achana nayo tungemaliza.

Asubuhi nikamtumia kijana wa Lindi orodha ya picha ninazotaka, na hii orodha nampa kila mtu anayetaka kununua chombo cha kupuliza bila kukiona. Mgongoni chini ya pale kidole gumba cha kulia kinaposhikia, maana namba ya seriali mara nyingi inakaa huko. Shingo kwa ubavu, shingo kwa chini, shingo kwenye tundu lake linaloingia mwilini. Kona ya chini pale mwili unapokunja kupanda domoni. Matundu mawili matatu huku kifuniko kimeinuliwa, nione ukingo wa tundu. Maandishi yote, hata yale madogo kabisa unayodhani hayana maana. Na boksi ndani na nje. Nikamwambia kitu cha mwisho, tafadhali mdogo wangu msiisugue tena, kwasababu nilishaelewa ule mng'ao: walipiga ndimu na majivu pale domoni ili picha itoke vizuri. Mama zetu wanasugua hivyo masufuria na birika za shaba na zinapendeza kweli, ila kwenye saksafoni unakula vanishi na michoro, na michoro ndo kitambulisho chenyewe. Mnunuzi anayejua anapenda ikae na uchafu wake wa miaka 60 kuliko ing'ae jina limepotea.

Picha zilizorudi zilikuwa za tundu na ukingo, na pale nikapiga kofi mezani. Ukingo wa tundu haukuwa umekatwa wima kama ukingo wa kikombe cha bati, ulikuwa umekunjwa kwa nje ukawa wa mviringo, laini, kama mdomo wa sufuria. Saksafoni nyingi matundu yake yanavutwa toka kwenye brasi yenyewe alafu yanasawazishwa yanaachwa wima. Kukunja ukingo ni kazi ya ziada, Conn wa Marekani walifanya kwa miaka mingi wakaja kuacha, Keilwerth kwenye baadhi ya zake, na SML wamefanya kwenye zao za miaka ya 40, 50 mpaka 60 huko kabla hawajaacha. Mark VI, toleo maarufu la Selmer, haina mkunjo huo. Kwahiyo hata kama mtu angeichora upya neno Selmer kubwa kama bango, yale matundu yangemkatalia.

Dogo akabisha kidogo, akasema kaka mbona vifuniko vikubwa vya domoni viko upande wa kulia kama Selmer, mi nimeona picha ya Selmer iko hivyohivyo. Swali zuri hilo na wengi wanajikwaa hapo. Zamani vile vifuniko vya noti za chini kabisa vilikaa kushoto, kwingine kimoja kushoto kimoja kulia. Selmer walipotoa toleo lao la Balanced Action mwaka 1936 wakavipeleka vyote kulia na fimbo zake zikawa rahisi kwa kidole kidogo, wengine wote wakafuata taratibu, leo hata saksafoni ya bei ya chini kabisa iko hivyo. Kwahiyo ukikuta vifuniko kulia umejua kitu kuhusu umri, hujajua chochote kuhusu kiwanda.

Na Ufaransa ina mtego wake mwingine. Neno Paris kwenye domo halimaanishi kilitengenezwa Paris, ile ilikuwa ofisi na duka na heshima ya mji. Selmer wenyewe kiwanda chao kiko Mantes-la-Ville, mji mdogo nje ya Paris, na Buffet Crampon wako hukohuko, na Dolnet na Beaugnier walikuwa upande huohuo wa Mantes. Couesnon walikuwa Château-Thierry. Alafu kuna saksafoni zimeandikwa Noblet na nyingine za mwanzo za Vito, ukiuliza nani aliyekaa akagonga brasi jibu ni Beaugnier, jina lake halipo popote kwenye domo. Vyombo vizuri tu hivyo, vina sauti, lakini bei yake inatoka kwa anayejua. Kwahiyo mi nikipewa chombo cha Kifaransa jina nalisoma mwisho.

Na kama utakutana na alama ya Breveté S.G.D.G., usidhani ni jina la kiwanda, nimeshaona mtu anaiuza kama chapa. Breveté maana yake imepewa hataza, na zile herufi nne ni maneno ya Kifaransa ya kusema serikali haitoi dhamana, yani tumekusajilia ubunifu wako ila kama haufanyi kazi usitulaumu. Sheria yao ya 1968 iliyaondoa hayo maneno, kwahiyo ukiyakuta umejua chombo au angalau muhuri wake ni wa enzi za kabla ya hapo. Kwenye hii ya Lindi haikuwepo, kulikuwa na Made in France mgongoni na namba.

Jumamosi tukaenda. Toka Mtwara mpaka Lindi ni kama kilomita mia na kidogo, tukapanda gari ya asubuhi, pale Mnazi Mmoja njia panda ya Masasi dogo akanunua ming'oko ya kuchemsha na chachandu, hakuila, kaishika tu mpaka Lindi, ana wasiwasi yule mtoto. Anapiga saksafoni ya Kichina ya kuazima ya kwaya, ikivuja anafunga na raba za nywele, na anapiga vizuri kweli. Nlikuwa natamani kuliko yeye hii kitu iwe nzima.

Nyumba iko maeneo ya Ndoro. Shikamoo mama, marahaba wanangu karibuni, tukakaa barazani, tukapewa pole za safari na chai kwanza, na hapo simsikilizi mtu anayesema twende moja kwa moja kwenye biashara, unaenda kununua chombo cha marehemu mume wa mtu, kaa unywe chai. Mama akatusimulia. Mzee alipiga bendi miaka ya 70, alizunguka nayo Nachingwea, Masasi, Newala mpaka Songea, watu wakimwita mpuliza mdomo wa bata, na akiwa nyumbani alikuwa anasikiliza redio Wakongo, akisikia Verckys anapuliza anamwambia mama nyamaza kidogo. Chombo alikinunua kwa ndugu yake aliyekuja nacho toka Msumbiji, mwaka wenyewe mama hakumbuki. Mzee alipoacha bendi akawa anaifungua kila idi anaipiga uani nyimbo moja anairudisha.

Mi nkauliza swali ambalo najua linakera. Mama, samahani, hiki chombo kilikuwa chake mwenyewe au cha bendi? Nauliza kwasababu enzi zile bendi nyingi zilikuwa za mashirika, za jeshi, za chama, za vyama vya wafanyakazi, vyombo ni vya mwenye bendi sio vya mwanamuziki, mtu alikuwa akihama bendi anaacha gitaa na tarumbeta anaondoka na shati lake. Chombo cha namna hiyo kikiuzwa leo anaweza kutokea mtu kesho. Mama hakukasirika, akaingia ndani akatoka na bahasha, ndani kuna karatasi ya mkono, mauziano ya mzee na yule ndugu, ina sahihi mbili na tarehe, imeandikwa "saxafon moja na boksi lake". Boksi nalo nikaliangalia ndani na nje kama kuna muhuri wa taasisi, hamna. Hapo nikatulia.

Tukaifungua. Kijana wa pale akasema si unaona Selmer hiyo, kwa kujiamini kabisa, na sikutaka kumwaibisha mbele ya mama yake, nikaomba tuingie ndani kwenye giza kidogo. Nikawasha tochi ya simu nikailaza pembeni ya domo karibu igusane na brasi, mwanga uende ubavuni usipige kwa juu. Mwanga wa juu unang'aa tu, wa ubavuni unaingia kwenye kila mkwaruzo unaacha kivuli. Maandishi yakaibuka kama yameandikwa sasa ivi: S.M.L., chini yake Strasser Marigaux Lemaire, Paris, na pembeni Gold Medal. Nikampa kijana simu nkamwambia soma wewe. Akasoma herufi moja moja, alafu akanyamaza, akasema sasa kaka hii ni nini.

Nikawaeleza wote, mama akiwepo. Kwamba hii sio Selmer. Tenor ya Selmer Mark VI, ile iliyoanza 1954, ikiwa nzima inauzwa maelfu ya dola kwasababu wapigaji wakubwa wa jazi waliishika, Coltrane mojawapo, na kila anayepiga anaitamani. Hii ni SML, toleo la Gold Medal, kwa matundu yake yaliyokunjwa nikaiweka miaka ya 1950 kuelekea ya 60. Brasi nzito, mkono mzuri, sauti pana, wanaoijua wanaipenda sana na ni wachache wanaoijua, kwahiyo bei yake iko chini ya Selmer mbali, lakini ni mbali sana vilevile na bei ya chakavu. Mama akauliza kwa upole, yule mzee wa vyuma aliniambia elfu themanini mwanangu, je hiyo ndo bei? Nkamwambia hapana mama, usithubutu.

Dogo alinitolea macho, najua alichokuwa anawaza, angeweza kuondoka nayo kwa laki tatu siku ile. Tulishaongea kwenye gari lakini kuongea na kuona ni vitu viwili. Msimamo wangu kwenye hilo hauna kona, ukimsahihisha muuzaji jina likiwa limezidi, unamsahihisha na bei ikiwa imepungua.

Tukarudi kwenye ukaguzi, na hapa ndo palipochukua saa mbili.

Shingo kwanza, maana shingo ikiharibika chombo kizima kinapotea sauti, na shingo ya kupata nyingine ya SML wa enzi zile sijui utaitoa wapi ukiwa Lindi. Kosa la kawaida ni mtu kusukuma kipulizio kwa nguvu kuelekea chini miaka na miaka, shingo inainama, bomba linakuwa la yai badala ya duara pale kwenye mkunjo. Unaitazama kwa ubavu, unapitisha kidole kwa chini, ukikuta mkunyato kama wa suruali ujue imeshainama au imeshainuliwa na fundi. Hii ilikuwa imenyooka. Nikaziba tundu la chini kwa kiganja, nikafunga kile kitundu cha oktavu kwa kidole, nikavuta hewa kwa mdomo upande wa juu, ulimi ukanata ukabaki umenata. Haivuji. Koki, lile gome laini la pale kipulizio kinapokaa, imekufa, imekauka inapukutika, hiyo sio kitu.

Mwili. Nikaushika kama bunduki nikatazama fimbo ndefu zote kama zimenyooka, ziko sawa. Domo lina mbonyeo upande mmoja, sio mkubwa. Kona ya chini ina mibonyeo miwili ya kudondoshwa, ya zamani, ndani yake imeshakuwa nyeusi. Nguzo inayoshika domo na mwili haijang'oka wala haina risasi ya kuchomelea ya juzi juzi, hiyo ni ishara nzuri, chombo kilichoanguka vibaya mara nyingi pale ndo panapoachia. Nikatafuta vidoa vya pinki, vile vyekundu vinavyotoka ndani ya brasi zinki ikianza kuondoka, maana sisi wa pwani hewa ina chumvi na jasho la mpigaji nalo ni chumvi. Vilikuwepo viwili kwenye shingo, vidogo kama mbegu ya mchicha, nikavipiga picha ili tuvifuatilie. Springi ndo zilizoumia, zile sindano za chuma cha bluu, tano zimeshika kutu, moja imekatika mahali pake pamewekwa raba. Mzee na yeye alitumia raba, nikamwonyesha dogo, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Pedi, yale mabapa laini ya ndani ya vifuniko yanayoziba matundu, zote ngumu kama ngozi ya ngoma. Hilo nililitegemea, saksafoni iliyolala miaka 20 usipange kuipiga, panga kubadilisha pedi zote na uziweke kwenye hesabu kabla hujataja bei.

Alafu nikaingiza taa. Nina ule uzi wa taa ndogo ndogo za LED wa kupambia, naushusha ndani ya mwili wote toka shingoni mpaka kona ya chini, unazima taa ya chumba, unafunga kifuniko kimoja kimoja taratibu. Pedi inapokaa vizuri mwanga unakata pande zote kwa wakati mmoja. Palipo na mwanga ndo panapotoka hewa. Zote zilikuwa zinavuja kama nilivyotegemea, lakini mbili za mkono wa kulia, F na E, zilivuja kwa namna tofauti, mwanga wake ulikuwa na mstari ulionyooka upande mmoja. Nikafungua vifuniko nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu.

Hapa moyo ukaniingia baridi. Ule mkunjo mzuri, laini, kwenye matundu hayo mawili ulikuwa umepigwa tupa. Fundi fulani zamani, labda kwa nia njema kabisa, aliona pedi haikai akaona tundu halijalala sawa, akafanya kile kinachofanywa kwenye tundu la kawaida, akalisawazisha kwa tupa. Kwenye ukingo wima unapunguza kidogo na inakaa. Kwenye ukingo uliokunjwa unakula mgongo wa mkunjo, ukiendelea unapasua unafika kwenye uwazi ulio ndani yake, unabaki na midomo miwili myembamba yenye makali badala ya mmoja wa mviringo. Tundu lililokunjwa linasawazishwa kwa kuinuliwa na kugongwa toka chini, halipigwi tupa, basi. F ilikuwa imekwanguliwa tu juu, ina bapa kama robo ya mzunguko. E ilikuwa imefika mbali zaidi, kuna sehemu kama upana wa kidole imefunguka kabisa.

Hilo ndo lilikuwa la maana kuliko jina. Lisingeonekana kwenye picha za kawaida, na muuzaji hakuwa analijua, na linapunguza bei kwelikweli kwasababu kulirudisha kama lilivyotoka Ufaransa hakuna.

Jaribio la mwisho kuipiga. Dogo akaweka kipulizio chake na ridi mpya, kile kibanzi kinachotetema ukipuliza, akapata noti za juu toka G kupanda, chini ya hapo hewa inaondoka yote. Lakini zile noti nne tano zilizotoka! Mama alikuwa barazani akasimama mlangoni. Nikaweka tyuna ya kwenye simu, nikamsikilizisha dogo kwenye A ya piano, ikakaa 440, yani mitetemo 440 kwa sekunde, kipulizio kikiwa mahali pake pa kawaida kwenye koki. Hilo napima siku zote kwenye za Kifaransa za zamani, kwasababu Ufaransa toka 1859 walikuwa na A yao ya kisheria ya 435, na 440 ilikuja kukubaliwa na nchi nyingi kwenye mkutano wa London 1939, na vyombo vya zamani zaidi vingine vilitengenezwa juu zaidi ya hapo, ukivichanganya na kinanda havielewani hata ufanye nini. Hii ya baada ya vita kuu ya pili haikuwa na shida hiyo.

Bei sasa. Kijana alishashuka mwenyewe toka sita, akasema basi nne. Nikawawekea hesabu mezani kwa kalamu, wote wanaona: pedi seti nzima ya tenor, koki, springi, usafiri toka nje, laki nne hazipungui, kazi nafanya mimi sihesabu, matundu mawili yaliyopigwa tupa, mibonyeo. Ingekuwa haina tupa mi mwenyewe ningesema tatu. Dogo akasema mbili. Mama akasikiliza, akasema mzee wangu angetaka ipigwe kuliko ikae, lakini mi nina wajukuu wanaenda sekondari mwezi wa kwanza. Tukafika milioni mbili na laki nne. Moja na laki nane siku ile, laki sita korosho za mjomba zikilipwa mnadani. Kijana hakupenda sana ile ya malipo mawili, mama akamtazama, akapenda.

Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na watoto wa marehemu wote wawili waliokuwepo Lindi wakasaini, wa tatu yuko Dar akapigiwa simu spika ikiwa imewashwa mbele ya mashahidi akakubali, kwasababu mali ya marehemu sio ya mtu mmoja hata kama ni mjane wake. Tukaandika namba ya seriali, tukaandika SML sio Selmer, tukaandika na hayo matundu mawili ili kesho asije mtu akasema tulioyapiga tupa ni sisi. Na ile karatasi ya mzee tukaomba tuipige picha, yenyewe akabaki nayo mama.

Pedi zilichukua wiki sita kufika. Tulianza juu tukashuka chini, pedi moja jioni moja wakati mwingine, dogo ameshika taa mi nayeyusha gundi. F ilikubali: pedi laini kidogo kuliko nyingine, gundi nyingi nyuma yake, unaipasha moto unaiacha ielee mpaka ilale sawa na lile bapa, mwanga ukakata. E ilinisumbua usiku tatu. Ule mpasuko niliujaza risasi kidogo sana kwa moto mdogo nikausugua kwa kitambaa sio kwa tupa, ukafunga, lakini upande wa karibu na nguzo bado kuna uzi wa mwanga. Noti za chini zinatoka mpaka B, ukifika B flat ya chini kabisa inatetemeka kama mtu mwenye homa. Na zile skrubu ndogo za kurekebishia ambazo SML waliziweka kwenye vifuniko zimetusaidia sana, kazi ya kukata vipande vya koki unaimaliza kwa bisibisi.

Laki sita zimeshaenda Lindi, korosho zililipwa. Mama kaomba kitu kimoja kwenye simu, ikikamilika apelekewe aisikie, ile nyimbo ya uani, ila jina lake hajui, ameiimba kwa mdomo dogo kairekodi. Jumamosi tunaifungua E tena.